Hindi la Mata

Kabla sijamwona dumuzi, mdudu mla mahindi, kwa macho yangu, nilidhani njaa huletwa na jua tu. Ndivyo tulivyolelewa Rukanga, chini ya mlima Kasigau: mvua ikija unapanda, isipokuja unafunga mkanda. Halafu Machi ya mwaka 1983 nikatumwa Mata, upande wa Taveta, nyumbani kwa mzee mmoja aitwaye Ambrose. Nilipanda ngazi jikoni mwake hadi kwenye uchaga, lile jukwaa la fito juu ya mafiga ambapo kila nyumba huweka mahindi yapigwe moshi. Ukiwa chini, ungedhani uchaga umejaa. Nilipolishika hindi la kwanza, vidole vyangu vilizama hadi kwenye gunzi. La pili vivyo hivyo. Ndani ya maganda hamkuwa na kitu ila unga mwepesi uliokuwa ukinimwagikia usoni.

"Madam, iko mazuri huko nyuma?" Mzee Ambrose aliniuliza kutoka chini.

Niliendelea kufukuafukua kwa muda mrefu.

Mimi ni Loise Mkamburi. Wakati huo nilikuwa msaidizi katika kituo kidogo cha utafiti wa wadudu wa nafaka, nikiwa na cheti kimoja, koti jeupe moja na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Mkubwa wangu, Bwana Thadeus, ndiye aliyenifundisha habari za mdudu yule mpya. Mdudu huyo alikuwa ameingia Tanzania miaka michache kabla, sasa amevuka mpaka. Fukusi wetu wa siku zote hutoboa punje akaridhika. Dumuzi hutoboa punje, gunzi, ganda, hata fito za uchaga wenyewe, na moshi haumtishi. Lakini watafiti walikuwa wamemgundulia udhaifu mmoja, nami niliposomewa taarifa hiyo nilitaka kucheza. Ili atoboe, dumuzi lazima apate pa kuegemea. Punje zikiwa zimebanana kwenye gunzi, huegemeza mwili kwa punje jirani akapata nguvu. Zikipukuchuliwa, hutikisika naye akateleza. Kwa hiyo pukuchua mahindi, yachanganye na dawa ya unga, yatie guniani. Hilo tu. Mtu angeweza kulieleza akiwa amesimama mlangoni.

Nililieleza katika vijiji kumi na vinne, na hakuna aliyepukuchua hata debe moja.

Sababu naijua, maana mimi ni wa huko huko. Kwetu mahindi ya kwenye gunzi ni ya nyumba. Yaliyopukuchuliwa ni ya kusagwa leo au ya kuuzwa kesho. Mwanamke akionekana anapukuchua uchaga mzima, mume atauliza anamuuzia nani, na mama mkwe atauliza anahama lini. Mimi nikiwaambia kina mama wapukuchue mahindi yote, walinitazama kama mtu anayewaambia wavunje ndoa. Tena ushahidi wangu ulikuwa chupa ya spiriti yenye wadudu kumi na wawili waliokufa, wadogo kuliko punje ya mchele. Kijiji kimoja waliniuliza kama ni ufuta. Kingine walicheka mpaka mkutano ukaisha.

Nilikasirika. Nasema wazi, sikuhuzunika, nilikasirika. Nilikuwa nimeona uchaga wa Mzee Ambrose, wao hawakuuona, na bado walinicheka.

Agosti ilipofika zamu ya Rukanga, kijiji changu mwenyewe, niliapa sitachekwa na watu walionilea. Bwana Thadeus alikuwa na sheria moja aliyoirudia kama sala: mdudu hai hatoki Mata. Mimi nilikwenda kwa Mzee Ambrose nikachagua hindi moja lenye dumuzi hai, nikaandika namba yake ya kielelezo, M-14, kwa wino mwekundu kwenye ganda lake, nikalifunga kwenye mfuko wa nailoni na kulificha chini ya kiti cha Landrova. Lilikuwa hindi la shamba la kumwagilia maji, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganjani. Nusu ya juu ilikuwa imeliwa ikawa unga. Nusu ya chini bado iling'aa, punje nene zimepangana safi.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule ya msingi. Sabchifu Elijah alinikaribisha kwa maneno mengi, binti yetu huyu, sasa ni mtu wa serikali. Nilichukua kipaza sauti nikazungumza Kiswahili cha ofisini, kile cha "wadudu waharibifu" na "hifadhi bora ya nafaka". Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, nilikiona ni cha jikoni. Kisha nikalitoa lile hindi, nikaligonga kwenye kiganja, na dumuzi wakaanguka wakitembea. Wanawake walipiga yowe. Nikawaambia walipitishe mkono kwa mkono, kila mtu aone. Sijawahi kusikia raha ya kazi kama siku ile. Hakuna aliyecheka.

Maswali yalikuwa machache. Mzee mmoja aliuliza, "Huko Mata wanapanda mbegu gani, inazaa hindi kubwa namna hii?" Watu wakaguna kwa kukubaliana naye. Nami nilitabasamu, nikasema swali hilo ni la idara nyingine.

Nilipaswa kulia hapo hapo. Nilikuwa nimewaonyesha mdudu, wao walikuwa wameona hindi.

Dereva wetu, Francis, alikuwa akipiga honi. Hakutaka kukutana na ndovu njiani kabla hatujafika Voi. Nilimwona mama yangu, Jedidah, ameshika lile hindi ndani ya kanga yake, maana ndiye lililomfikia mwisho. Nikiwa tayari nimekaa garini, nilimpigia kelele dirishani, "Mama, hilo hindi lichome!" Akaitikia kwa kichwa, kama anavyowakubalia watoto wanaosema upuuzi. Gari likaondoka. Kesho yake kituoni nilifungua daftari la vielelezo nikaandika: M-14, kimeteketezwa.

Mvua za Novemba zilinyesha vizuri. Februari mama aliniandikishia barua kwamba wamevuna, uchaga umejaa, niende nikachukue zawadi yangu. Sikwenda, nilikuwa na vijiji vya kutembelea. Halafu Aprili ya mwaka 1984 ikapita bila tone. Mei ikapita. Kuanzia Voi hadi Kasigau ardhi ilikuwa nyekundu tupu, na ng'ombe walilala wasiamke. Mahindi yaliyokuwa uchagani tangu Februari ndiyo yaliyobaki kati ya watu na kaburi, na yalipaswa kuwafikisha mwakani.

Juni ikaja barua ya Sabchifu Elijah. Ilikuwa fupi: kuna vumbi jeupe linaanguka kwenye vyungu vyetu kutoka juu, njooni upesi.

Tulikwenda na Bwana Thadeus mwenyewe, tukiwa na paketi mia mbili za dawa. Njia nzima alikuwa akipiga hesabu. Kama tutawafanya wapukuchue wiki hii, alisema, nusu ya mahindi itapona. Wakisubiri hadi mwezi ujao, hakutakuwa na cha kupukuchua. Nusu ya mahindi, kwa kijiji kizima, ilitegemea kama watu watatusikiliza kesho yake.

Tulipofika tulikuta wanaume wamesimama mbele ya duka la Musyimi. Musyimi alikuwa Mkamba aliyefungua duka Rukanga miaka tisa kabla, na lori lake ndilo lililoleta unga na mahindi ya kununua. Walikuwa wameshaamua kwamba mdudu ameingia na lori hilo. Walimpa hadi Ijumaa awe ameondoka, la sivyo watachoma duka likiwa na kila kilichomo. Yeye alikuwa amekaa kwenye kreti mlangoni pake, mikono magotini. Nilimwamini Sabchifu aliponiambia ni lori. Nilitaka sana kumwamini.

Nikaenda kumwamkia mama.

Alikuwa amekonda. Aliponiona alicheka kwa furaha, akaniambia nipande nimtazamie uchaga, macho yangu ni ya kazi hiyo. Nilipanda ngazi. Sitaeleza tena niliyoyaona, ni yale yale ya Mata, ila safari hii uchaga ulikuwa wa nyumba niliyozaliwa. Niliyashika mahindi moja moja nayo yakavunjika moja moja. Kwenye msumari juu ya mafiga palining'inia hindi moja limefungwa kwa kamba, refu kuliko yote. Nililigeuza. Kwenye ganda, wino mwekundu ulikuwa umefifia kwa moshi lakini ulisomeka.

M-14.

Nikakaa pale pale kwenye ngazi. "Mama," nikasema, "si nilikwambia ulichome?"

"Hindi zima namna hiyo?" Alinishangaa. "Mtu achome mbegu? Ile nusu iliyoharibika nilikung'uta nje, wadudu wakaenda zao. Hii nusu nyingine ilikuwa nzuri kabisa. Nikatoa punje, mistari miwili nikaacha ya mwaka ujao."

"Punje ulizipanda?"

"Zangu nilipanda. Zingine niligawa. Mbegu nzuri si ya mtu mmoja, Mkamburi, wewe si mgeni. Nyumba kumi na tisa, kila moja punje kumi. Wakafunga kwa kitambaa wakaweka uchagani kungoja mvua." Kisha akasema kwa fahari, na fahari hiyo ndiyo iliyonimaliza, "Kila mtu anajua ni mbegu ya Loise wangu."

Nilishuka nikaenda nyuma ya nyumba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema inakuwaje wewe mwenyewe ukiwa ndiwe nguo.

Bwana Thadeus nilimwambia yote nikiwa nimesimama mbele yake kama mtoto wa shule. Nilingoja anifukuze kazi, ingekuwa nafuu. Badala yake alisema, "Loise, sikiliza. Kesho ukisimama ukasema wewe ndiye uliyemleta, hakuna atakayepokea dawa mkononi mwako wala mwangu. Tuokoe mahindi kwanza. Ukweli hauozi, utausema mwezi ujao."

"Na Musyimi?"

"Musyimi anaweza kujenga duka lingine."

Alikuwa sahihi. Hadi leo naona alikuwa sahihi, na nilimchukia kwa hilo. Upande mmoja kulikuwa na mahindi ya kijiji kizima. Upande mwingine kulikuwa na mtu mmoja amekaa kwenye kreti. Hesabu yake ilikuwa rahisi, hata mimi mwenye cheti kimoja niliiweza.

Asubuhi uwanja wa shule ulijaa. Watu walikaa chini kwa sababu ya kukosa nguvu za kusimama. Bwana Thadeus alieleza habari za kupukuchua, wakasikiliza kimya. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii niliona watu wanaosikiliza, njaa ilikuwa imewafungua masikio. Paketi za dawa zilikuwa zimepangwa mezani. Mama mmoja mbele alikuwa tayari ameshanyoosha mkono.

Sabchifu akanipa kipaza sauti niongeze neno. Nyuma kabisa, peke yake, alikaa Musyimi. Kijana mmoja aligeuka akamtemea mate miguuni. Musyimi alifuta kiatu chake polepole kwa kidole.

Nilikiweka kipaza sauti mezani. Nikazungumza Kidawida, na sauti yangu ikanitoka nyembamba kama ya mtoto. Nikasema lori halina kosa. Nikasema lile hindi la mwaka jana mlilolipitisha mkono kwa mkono, mimi ndiye niliyelitoa Mata nikiwa nimekatazwa, kwa sababu nilichoka kuchekwa. Nikasema niliandika limechomwa na sikuliona likiungua. Nilitaka kuishia hapo. Nilitaka mzigo wote uwe wangu. Lakini mama alikuwa ameshasimama.

"Na mimi ndiye niliyewagawia," alisema. Akataja zile nyumba, moja baada ya nyingine, kwa majina ya kina mama wenyewe. Kila jina alilolitaja, kichwa kimoja kiliinama. Alipomaliza alikaa chini akajifunika kanga usoni.

Yule mama wa mbele aliurudisha mkono wake mapajani. Kisha mzee mmoja aliinuka kwa fimbo yake akatazama meza yenye paketi, akanitazama mimi, akasema, "Mwaka jana ulituletea hindi la kutufungua macho. Hii dawa ya sasa itatufanyia nini?" Akaondoka. Wakaondoka wote nyuma yake, bila haraka, mpaka uwanja ukabaki na sisi na meza. Bwana Thadeus alianza kurudisha paketi kwenye katoni.

Musyimi naye, kabla ya saa sita, alikuwa anapakia lori. Nilimkimbilia nikamwambia hana tena haja ya kuondoka, wamejua kweli.

"Dada, asante," alisema huku akifunga kamba. "Lakini watu wamenigeukia mara moja, watanigeukia tena. Sina roho ya kungoja." Lori likaondoka, na duka la karibu lenye unga likawa Voi.

Basi hiyo ndiyo faida ya ukweli wangu. Sikuokoa mahindi wala sikumwokoa Musyimi, na juu ya hayo nilikuwa nimemvua mama yangu nguo mbele ya kijiji kizima. Nilirudi jikoni nikamkuta amekaa kando ya mafiga yasiyo na moto. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Kisha nikaanza kulia kwa sauti, mimi mwanamke wa miaka thelathini na minne.

Aliniacha nilie nikachoka. Halafu akauliza, "Kwa nini hukuniambia kwamba ile nusu nzuri pia ina wadudu?"

"Nilisema, mama. Nilisema siku ile mbele ya watu wote. Wanataga ndani ya punje, huwezi kuwaona."

"Ulisema kwa kipaza sauti," akajibu. "Ulisema kwa watu wote. Mimi hukuniambia."

Nilikuwa nimekwenda vijiji kumi na vinne kabla ya chake, na katika vyote sikuwahi kuingia jikoni kwa mtu nikakaa.

"Sasa niambie," akasema. "Kwa nini mnataka yapukuchuliwe? Mimi mpaka leo sijui. Nilidhani serikali inataka kuyanunua."

Nikachukua lile hindi la Mata kutoka msumarini. Nikamwonyesha kwa kidole, kwa Kidawida, pale punje zinapobanana. Nikamwambia mdudu huyu hana nguvu mwenyewe, lazima aegemeze mwili ndipo meno yaingie, na punje jirani ndiyo ukuta wake. Nikapukuchua punje tatu nikaziweka kwenye kiganja chake. Alizitikisa. Zikagongana, zikaviringika.

"Kumbe!" alisema. "Anakosa pa kuegemea." Akazitikisa tena. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. "Hilo tu? Mwaka mzima mnazunguka na gari kwa ajili ya hilo tu?"

"Hilo tu, mama."

Akalitia lile hindi kwenye mafiga, akawasha moto, tukalitazama mpaka likawa jivu. Lilinukia vizuri, kama mahindi yoyote ya kuchoma, na tumbo langu likanguruma. Niliona aibu.

Kesho yake, kabla jua halijawa kali, alimwendea Bwana Thadeus akamwomba katoni moja ya dawa. Nilitaka kufuatana naye akanikataza. "Wewe wakikuona watafunga." Akaibeba katoni kichwani, yeye ambaye jana yake alikuwa amejifunika uso, akaanza na nyumba ya kwanza aliyoitaja uwanjani. Nikiwa mlangoni niliona mlango wa nyumba ile ukifungwa kabla hajafika uani. Alisimama hapo kitambo. Kisha akaenda ya pili.

Alirudi saa kumi, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Nilimpa maji, kwa sababu ndiyo yaliyokuwapo. Alikunywa yote kabla ya kusema.

"Wanne wamenifungulia," alisema. "Wamekaa na mimi, nimewawekea punje mkononi, wakaona. Wameanza kupukuchua."

"Na wale kumi na watano?"

"Mmoja amenimwagia maji ya vyombo. Wengine wamenyamaza ndani, nawasikia wanapumua." Aliweka kikombe chini, akajipapasa utosini mahali katoni ilipomchubua. "Mbegu niliwapelekea kwa mkono huu huu, Mkamburi. Kesho nitarudi tena."

Juu ya vichwa vyetu, katika fito za uchaga mtupu, dumuzi walikuwa bado wanatafuna, na sote wawili tulikuwa tukiwasikia.